Desemba Moshi: sikukuu, ukoo na siku za kukaa tu

Anayetoka Dar es Salaam au Dodoma kwenda kula Krismasi Moshi huwaza kupumzika. Mama aliyeko nyumbani Kibosho, Mwika au Mkuu Rombo huwaza masufuria. Yeye ndiye atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, bomba lake ndilo litakalokauka, na choo chake ndicho kitakachotumiwa na watu ishirini badala ya wawili. Utulivu wa Desemba haushuki wenyewe kutoka mlimani. Hupangwa, na hupangwa kwa ratiba ya wenyeji, siyo ya wageni. Ushauri wote ulio hapa umesimama juu ya hilo.

Mwezi wenyewe una mpangilio unaojulikana. Shule hufungwa mwanzoni, tarehe 9 ni Uhuru, 25 na 26 watu hawafanyi kazi, 31 ni mkesha kanisani, kisha mwaka mpya unaingia na wazazi wanaanza kupiga hesabu za ada. Katikati ya tarehe hizo husukumwa kila kitu: harusi, sendofu, kipaimara, komunyo ya kwanza, shukrani ya aliyemaliza chuo, misa au ibada ya kuwakumbuka marehemu. Sababu inaeleweka, ndio wakati pekee ukoo wote uko nyumbani. Kadi za michango huanza kufika mapema, na ukizikubali zote utajikuta Desemba nzima umevaa suti ndani ya turubai la mtu.

Kanuni inayofanya kazi ni ukoo mmoja usizidi shughuli mbili kubwa kwa mwezi. Kipaimara cha mtoto wa kaka na shukrani ya mtoto wa dada ziwekwe siku moja, turubai moja, mpishi mmoja, mbuzi wale wale. Halafu zitengwe siku ambazo hakuna kitu kabisa. Tarehe 27 inafaa sana, kwa sababu wote wamechoka na chakula cha jana bado kipo. Mtu akiomba kuweka kikao siku hiyo akataliwe kwa upole.

Safari na vitu vya kubeba

Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Kwa basi ni siku nzima kama kuna foleni Chalinze na malori Segera. Mabasi ya usiku yapo, ila kuanzia tarehe 20 hivi tiketi huadimika na madalali wa stendi huanza kuuza viti visivyokuwepo. Kata tiketi wiki tatu kabla, ofisini kwa kampuni au kwa mfumo wake wa mtandao, na ukate ya kurudi siku hiyo hiyo. Watu hukumbuka ya kwenda tu, kisha tarehe 3 Januari wanasimama stendi ya Moshi na watoto na mikungu ya ndizi. Treni ya Dar kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikaendelea hadi Arusha. Inalala njiani na haiendi kila siku, lakini kwa mzee mwenye miguu inayovimba ni bora kuliko kukaa kwenye kiti cha basi, maana anaweza kusimama na kutembea. Angalia siku zake kabla hujapanga likizo.

Mwenye gari dogo la chini ajue mapema kwamba mvua za vuli huweza kuendelea hadi Desemba, na barabara nyingi za kupanda vijijini ni udongo mwekundu unaoteleza. Ukifika jioni baada ya mvua usilazimishe. Acha gari kwa ndugu aliye karibu na lami, panda na bodaboda au gari la juu, ulifuate asubuhi udongo ukishakauka. Magari mengi yanayoishia kwenye mtaro wakati huu yamefika giza limeingia, dereva ana haraka ya kuwaamsha wazee kwa honi.

Kuhusu zawadi, kuna tofauti kati ya kinachopendeza kwenye picha na kinachopunguza mzigo. Mchele mzuri kilo 20, sukari kilo 10, mafuta ya kula lita 10, sabuni ya unga na ya kipande, majani ya chai, taulo mbili tatu, na mtungi wa gesi uliojazwa: hivyo ndivyo mama anavyovihitaji. Kitenge au khanga kwa mama na shangazi, sweta nzito kwa babu. Biskuti na soda za kopo haziongezi kitu. Kama ndugu ni wengi, mmoja akusanye fedha na kununua vyote Mbuyuni, pale Moshi mjini, kuliko kila mmoja kufika na kilo tano za sukari na hakuna aliyeleta chumvi.

Beba pia noti ndogo ndogo. Mawakala wa fedha vijijini huishiwa taslimu siku mbili tatu kabla ya Krismasi, kwa sababu kila mtu anatoa na hakuna anayeweka. Sadaka, bodaboda, mnada wa kanisani na watoto wanaokuja kuamkia vyote vinataka noti za elfu moja na elfu mbili. Huo mnada uheshimu. Baada ya ibada mayai, jogoo, mkungu wa ndizi au boga lililoletwa kama sadaka hunadiwa pale nje, na mgeni kutoka mjini hutazamiwa apandishe bei kidogo. Kununua yai kwa elfu tano siyo kuibiwa.

Anayetumia dawa za presha au kisukari abebe za siku zote pamoja na wiki moja ya ziada. Hospitali kubwa kama KCMC zipo, lakini duka la dawa la kijijini linaweza kufungwa tarehe 25 na 26. Watoto wabebewe masweta na viatu vya kufunika. Mjini Moshi joto la Desemba ni kali, ila ukipanda Machame au Uru juu, usiku baridi inauma, na mtoto wa Dar hulala na fulana moja akaamka na kifua.

Nyumba kabla haijajaa

Mtu mmoja wa ukoo, ikiwezekana kijana mwenye nguvu, atangulie siku nne au tano. Kazi zake ni chache ila ndizo zinazookoa mwezi. Kwanza kuni. Mgrevilea au matawi ya kahawa yaliyokatwa yanatakiwa yawe yamekauka chini ya paa tangu Novemba. Kuni mbichi za Desemba zinatoa moshi mwingi, moto haushiki, na chungu cha saa mbili kinakwenda saa nne. Pili maji. Watu wote wakirudi, bomba la kijiji hupungua nguvu, hasa asubuhi. Jaza simtanki na mapipa usiku, siku chache kabla ya Krismasi. Tatu umeme: nunua LUKU ya kutosha kabla ya tarehe 24 ili msihangaike na mtandao uliozidiwa. Nne choo: kama ni cha shimo na kimekaribia kujaa, hilo lishughulikiwe Novemba, siyo tarehe 26.

Halafu msaidizi. Tafuteni mama au binti wa jirani wa kuosha vyombo na kufua kuanzia tarehe 22 hadi 2, mkubaliane malipo kabla, alipwe kila wiki. Fedha hiyo wachange walioajiriwa. Katika nyumba nyingi mzigo huu humwangukia mke wa kijana wa mwisho, ambaye ndiye anayeishi na wazee, na wifi zake wanakuja kukaa sebuleni. Yeye naye ana kwao, na anahitaji angalau siku mbili za kwenda kuwaona wazazi wake. Ziandikwe kwenye ratiba mapema, na siku hizo wanaume na mawifi waingie jikoni.

Mbege isiyoharibika

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inahesabiwa kurudi nyuma. Ukitaka inywewe tarehe 25, kazi inaanza tarehe 12 hivi.

Ulezi kwanza. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, tandaza kwenye gunia lenye unyevu na ufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utaona vimizizi vyeupe; vikifika urefu wa punje yenyewe au zaidi kidogo, anika juani hadi ukauke kabisa, kisha usage. Hicho ndicho kimea. Kama mvua inanyesha na ulezi hauanikiki, unaingia ukungu wa kijani na harufu ya udongo. Huo usijaribu kuuokoa kwa kuuosha, mwaga. Ndiyo maana wanaojua huanza mapema na kuwa na siku mbili za akiba.

Ndizi zikatwe siku sita au saba kabla ya kupikwa, zifunikwe kwa majani makavu mahali penye joto ili ziive pamoja. Ziwe zimeiva kweli, ganda la manjano lenye madoa, siyo ngumu katikati. Ndizi nusu mbichi haina sukari ya kutosha, na pombe yake inakuwa nyepesi na yenye ukakasi hata ukiongeza nini. Kwa pipa la lita 100, kadirio la kuanzia ni mikungu mitatu mikubwa na nusu debe ya kimea, kisha kila nyumba na mkono wake.

Tarehe 21 menya na upike kwa maji hadi ndizi ziwe rojo na rangi igeuke kutoka njano kuwa ya udongo mwekundu. Ni kazi ya saa kadhaa, moto wa wastani, mtu mmoja na mwiko mrefu, kwa sababu chini hushika haraka na ikishaungua pipa zima linanuka moshi. Ipoe, funika kwa kitambaa au majani ya mgomba, iache siku mbili. Usiifunike kwa mfuniko wa kubana. Tarehe 23 jioni ongeza maji, vuruga, chuja. Zamani walichuja kwa nyasi, siku hizi kitambaa safi kinatosha.

Tarehe 24 asubuhi pika uji wa kimea pamoja na msesewe, yaani magamba makavu ya ule mti mchungu yaliyotwangwa. Anza na kidogo, uonje, kwa sababu uchungu unaendelea kutoka hata baada ya kuipua. Msesewe ukizidi hakuna dawa. Wasiotumia kilevi watengewe uji wao kabla magamba hayajaingia. Kisha subiri. Uji upoe hadi uweze kutumbukiza kidole na kukiacha humo bila kuungua. Wenye haraka humimina uji wa moto kwenye maji ya ndizi, wanaua chachu, na kesho yake wanashangaa mbona pipa limelala kimya. Ukichanganya vizuri, jioni hiyo utasikia sauti ndogo za viputo ukiinamia pipa, na asubuhi povu la rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa limepanda na punje za ulezi zinaelea juu yake.

Pipa na kata vioshwe kwa maji ya moto bila mafuta ya aina yoyote. Chombo kilichokuwa na mafuta ya kula huua povu na kuacha harufu ya kuchacha. Mbege ni tamu siku ya kwanza, kali ya pili, na ya tatu ni ya wazee wenye tumbo lao. Pimeni idadi ya watu na mpike ya kuisha. Na kwa sababu ni laini mdomoni, watu husahau kwamba ni pombe. Kata tatu na usukani wa kushuka Kibosho usiku ni mambo mawili yasiyokaa pamoja, wekeni dereva asiyekunywa.

Mbuzi

Bei ya mbuzi hupanda kadiri Krismasi inavyosogea. Nunua kati ya tarehe 8 na 12, umweke bandani, umlishe majani na mgomba uliokatwakatwa. Dume asiyehasiwa ana harufu inayoingia kwenye nyama, chukua aliyehasiwa au jike lililokwisha zaa. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai atatoa kama kilo 11 au 12 za nyama na mifupa, na hiyo, ukiwa na ndizi na wali pembeni, inatosha watu 35 hadi 40 kwa mlo mmoja. Hesabu hii huzuia ule ugomvi wa kuchinja wa pili jioni bila kupanga.

Asishindishwe njaa siku nzima. Mnyime majani kwa saa kumi na mbili, mpe maji. Tumbo likiwa tupu kiasi, usafishaji wa utumbo unakuwa mwepesi. Chinjeni jioni ya tarehe 24, siyo asubuhi ya Krismasi. Nyama inayoingia kwenye sufuria saa mbili tatu baada ya kuchinjwa imekakamaa na itakula kuni bure. Ikitundikwa usiku kucha mahali pa baridi penye wavu wa kuzuia nzi, asubuhi inakuwa imelegea. Kwa hali ya hewa ya juu mlimani hilo linawezekana bila friji. Mjini Moshi, kwenye joto, haliwezekani: huko iingie kwenye friji ikishapoa, au chinjeni alfajiri mkachome moja kwa moja kabla haijakakamaa.

Nyongo itolewe na mtu mmoja mwenye mkono uliotulia, kwa kukata kipande kidogo cha ini pamoja nayo. Ikipasuka, osha papo hapo, na ini lililolowa likatwe na kutupwa.

Suala la mgawanyo lisichezewe. Kidari, mguu, mgongo, kichwa, kila kipande kina mwenyewe, na utaratibu unatofautiana kati ya Machame, Marangu na Rombo, hata kati ya ukoo na ukoo. Muulizeni mzee kabla ya kisu kupita, maana nyama ikishakatwa vipande vya nyama choma haiunganiki tena. Kijana mwenye kisu kikali na video za mtandaoni ndiye anayeleta kesi hizi.

Kama kuna Waislamu katika familia, na familia nyingi za Moshi zinao, achinje Mwislamu na wote wale pamoja. Ila kisusio, yaani supu ya mbuzi, kwa kuwa kinatiwa damu, kiwe na sufuria yake, upawa wake na mahali pake. Damu ikingwe kwenye beseni lenye chumvi kidogo na ikorogwe mara moja kwa kijiti hadi ipoe, la sivyo inaganda mabonge. Itiwe kwenye supu inayochemka kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha ichemke sawasawa kabla ya kunywewa.

Mtori wa siku za kawaida

Nyama choma ni ya siku mbili. Kinachobeba mwezi ni mtori, na watu wengi wa mjini wanaupika kama uji wa ndizi. Kwa watu kumi: kilo moja na nusu ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, mbavu au kidari, ndizi mshare 25 za wastani, vitunguu viwili, chumvi, siagi vijiko viwili vya chakula na kikombe cha maziwa.

Chemsha nyama kwa lita nne za maji, moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili, ukiengua povu la mwanzo. Wakati huo paka mikono mafuta, menya ndizi, na uzitumbukize kwenye maji mara moja. Zikikaa hewani zinageuka nyeusi na mtori unakuwa wa kijivu. Chagua mkungu uliokomaa lakini haujaanza kuiva hata kidole kimoja, maana ndizi mbili zilizoiva zinatosha kufanya sufuria zima liwe na utamu usiotakiwa.

Toa nyama, ichambue. Pima vikombe viwili vya supu uviweke kando. Ndizi zikatwe vipande na ziingie kwenye supu iliyobaki pamoja na vitunguu, dakika 30 hivi, hadi kipande kikibonyezwa na mwiko kinasambaratika. Ipua ndipo upeketeshe. Upekecho wa mti unafanya kazi nzuri kuliko mashine ya kusagia, kwa sababu mashine huivuta ndizi ikawa kama gundi. Rudisha nyama, tia siagi, kisha maziwa ya vuguvugu moto ukiwa mdogo kabisa. Maziwa baridi kwenye sufuria inayotokota hukatika. Mtori ukikaa nusu saa unakaza, na hapo ndipo vile vikombe viwili vya supu vinarudi. Mwenye mtoto mchanga nyumbani apewe wa kwanza, hilo halihitaji kikao.

Machalari, yaani ndizi na nyama, na kiburu vipikwe siku za wageni wachache. Kiburu, ndizi na maharage, kina faida moja kubwa: maharage yanachemshwa usiku kwenye makaa yaliyobaki, asubuhi unaongeza ndizi tu. Mama anapata saa mbili za kukaa.

Watoto, shamba na masale

Siku tupu zina kazi zake ndogo. Mlima Kilimanjaro huonekana vizuri alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, na mara nyingine tena jioni. Anayelala hadi saa nne anarudi Dar bila kukiona kilele cha Kibo, halafu analaumu hali ya hewa. Watoto wapelekwe kuchota maji kwenye mfereji, kukata majani ya mbuzi, kukamua kama kuna ng'ombe. Maporomoko ya Kinukamori pale Marangu au Materuni kule Uru ni matembezi ya nusu siku, na njia ya Materuni huteleza, kwa hiyo viatu vya kushika chini siyo kandambili. Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, maji ni ya uvuguvugu na meupe kabisa, lakini siku za sikukuu hujaa vijana na muziki. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, na mtoto asiyejua kuogelea asikae mbali na mtu mzima, kuna sehemu zina kina.

Tahadhari moja kwa vijana wanaojitolea kusafisha kihamba, lile shamba la ukoo lililo nyumbani: yale majani marefu yaliyopandwa kwa mstari ni masale, na mara nyingi ndiyo mpaka kati yenu na jirani. Ukiyang'oa ukidhani ni pori umeanzisha kesi. Ni sale hilo hilo hubebwa na anayekwenda kuomba msamaha kwa mzee, na Desemba ndio mwezi wake. Mwenye kinyongo na kaka yake alimalize kabla ya tarehe 25, kupitia mzee wanayemheshimu wote wawili. Baada ya mbege haifai.

Makaburi yaliyo kihambani yapaliliwe wiki ya kwanza. Chokaa iloweke usiku kucha, ichujwe, iongezwe konzi la chumvi ili ishike, na ipakwe mara mbili nyembamba. Ukipaka mara moja nzito inabanduka kwa mvua ya kwanza.

Kikao cha ukoo

Tarehe 28 au 29, saa tatu asubuhi, chai na viazi, pombe hakuna. Ajenda ziwe zimetumwa kwenye kundi la WhatsApp wiki moja kabla ili walio nje ya nchi waseme lao. Tatu zinatosha: matunzo ya wazee, ada za watoto wa ndugu asiyeweza, na ukarabati wa nyumba ya zamani. Kila ahadi ya fedha iandikwe na tarehe yake na jina la atakayeifuatilia. Ahadi isiyo na tarehe hujadiliwa tena Desemba ijayo kwa maneno yale yale.

Ardhi iwe na kikao chake peke yake, na mwandishi asiye mdau. Desturi ya kitinda mimba kubaki na nyumba ya wazazi inajulikana na wote, hadi pale bei ya kiwanja inapopanda. Kama wazee wako hai na wana akili timamu, waseme wao, iandikwe, washuhudie watu wa nje ya familia. Na mabinti wakae ndani ya kikao, siyo jikoni.

Kurudi

Mzigo wa kurudi unataka akili. Mkungu ukatwe jioni ya kuamkia safari, ukiwa mbichi na utomvu umekauka, ugawanywe kwa chana na kufungwa kwa majani makavu ya mgomba ndani ya gunia. Majani mabichi hutoa joto na ndizi zinaanza kuiva njiani. Parachichi zichumwe ngumu, na kikonyo kibaki, la sivyo zinaoza kuanzia pale kilipong'oka. Mtindi ujazwe hadi robo tatu ya chombo. Mbege usiibebe. Kuna anayeifunga kila mwaka kwenye chupa ya plastiki ya lita tano, na kila mwaka mfuniko huachia kabla ya Same, kwenye buti, juu ya mabegi ya abiria wengine.